Pei Pa Koa

Pei Pa Koa ni dawa ya kikohozi ya Wachina, nzito na nyeusi, inayopikwa kwa majani ya mlokwati (Eriobotrya japonica), mitishamba mingine na asali. Hunywewa kwa kijiko au hukorogwa katika maji ya uvuguvugu ili kulainisha koo na kulegeza makohozi. Inayojulikana zaidi ni ya Nin Jiom, kampuni ya Hong Kong.

Asili

Inasimuliwa kwamba zama za nasaba ya Qing, Yang Jin, mkuu wa wilaya, alihangaika kumtafutia tiba mama yake aliyekuwa akikohoa mfululizo, hadi akaipata kwa Ye Tianshi (1667–1746), tabibu mashuhuri. Chupa bado hubeba picha ya mwana akimhudumia mama. Familia ya Yang, iliyoifanya dawa hiyo kuwa biashara, iliiuza biashara hiyo mwaka 1946.

Majani na viungo vingine

Kazi ngumu iko kwenye jani. Upande wake wa chini umefunikwa na manyoya laini, na manyoya hayo yakiingia kooni huwasha na kuleta kikohozi kilekile kinachotibiwa. Kwa hiyo jani husuguliwa kwa brashi hadi liwe safi, au hufungwa katika kitambaa kabla ya kuchemshwa. Matabibu wa Kichina husisitiza jambo hili, na wana haki. Kwa kikohozi kikavu, majani yaliyokatwakatwa hukaangwa kwanza kwa asali mpaka yasishike tena vidoleni.

Kiungo cha thamani kubwa ni chuan bei, tunguu dogo jeupe la Fritillaria cirrhosa linalochimbwa milima mirefu ya Sichuan, Yunnan na Tibet. Uchimbaji umeidhoofisha mimea ya porini vibaya, na mwaka 2021 China iliiweka chini ya ulinzi wa taifa. Huongezwa pia urukususu, tangawizi, ganda la balungi, kokwa chungu za aprikoti na mentholi.

Tahadhari

Huenda sehemu ya nafuu inatokana na asali, ambayo tafiti zimeonyesha hupunguza kikohozi cha watoto. Kwa sababu ya asali hiyohiyo, mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Wenye kisukari wajihadhari na sukari yake.

Matumizi ya sasa

Huuzwa Hong Kong, Taiwan, Malaysia, Singapore na mitaa ya Wachina ya Marekani. Msimu wa mafua wa 2018 iligombewa New York.