Makaburi ya Wafalme wa Wanga

Msafiri atokaye mjini Kakamega kwenda upande wa Mumias, akifika Matungu kwenye Kituo cha Utamaduni cha Nabongo, huliona jumba la makaburi ya wafalme wa Wanga pamoja na makumbusho yao, na hapo, akitulia, hufahamu kuwa nchi hii ilikuwa na dola yenye adabu na taratibu zake kabla ya kuja Waingereza. Nabongo (yaani mfalme) Mumia, aliyefariki mwaka 1949 baada ya maisha marefu, aliwakirimu wafanyabiashara wa pwani waliofuata pembe za ndovu, nao wakaleta dini ya Kiislamu ambayo ingali imara Mumias. Na Askofu Hannington, mmisionari Mwingereza, aliondokea kwa Mumia mwaka 1885 alipoelekea Busoga, ambako aliuawa. Haifai, hata hivyo, kusifu tu: mwaka 1895, katika vita vya Chetambe, askari wa Wanga waliwasaidia Waingereza kuwapiga Wabukusu, na dhuluma ile ni sehemu ya tarikh hiyo hiyo. Mwaka 1920 makao ya serikali ya kikoloni yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega, na mji huo ukapungukiwa na jaha. Enyi walimu wa Kakamega, wapelekeni watoto Matungu.