Njia ya Nyaraka, Kasongo hadi Kabambare

Mshairi wa Kiswahili anapomtumia mwenzake shairi, mara nyingi husema kwanza na waraka wenyewe: huuamuru uondoke, huutajia njia, huukabidhi salamu. Watunzi wa Lamu na Mombasa wamejibizana hivyo tangu zamani, na kuanzia 1923 gazeti la Mambo Leo la Dar es Salaam likawapa washairi uwanja wa kuulizana na kujibiana mbele ya wasomaji wote. Maniema, sehemu yetu hii ya mashariki ya Kongo, haitajwi katika habari hizo. Nafundisha Kiswahili hapa Kasongo, na jambo hili linaniuma, maana njia itokayo kwetu, ikapita Kabambare mpaka ziwa Tanganyika na kuvuka hadi Ujiji, ilibeba pembe za ndovu, ilibeba watu waliofungwa minyororo, na siku zote ilibeba barua.

Barua ya Kabambare inayojulikana duniani ni ya mgeni. Msafiri David Livingstone alikaa hapo tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, miguu imejaa vidonda, akitunzwa na mfanyabiashara Muhammad bin Gharib. Februari hiyo wakafika watu waliotumwa kwake kutoka pwani. Walimletea barua moja tu. Mwenyewe aliandika kwamba arobaini zimepotea. Nikifikiria barua arobaini zilizoishia njiani, huwafikiria pia watu wetu, ambao hakuna aliyehesabu zao. Karatasi na wino vilipomwishia, aliandika juu ya kurasa za vitabu na magazeti kwa maji mekundu ya mbegu za mzingifuri. Waraka aliomwandikia rafiki yake Horace Waller kutoka Kabambare ulikuwa umefifia hata hausomeki. Mwaka 2010 wataalamu waliupiga picha kwa mianga ya namna nyingi, wakausoma wote.

Nafurahi kwa juhudi hiyo. Lakini waliomzunguka Livingstone nao walikuwa waandishi. Wafanyabiashara walioweka makao Kasongo, Nyangwe na Kabambare waliandikiana kwa khati za Kiarabu, wengine kwa lugha ya Kiarabu, wengine kwa Kiswahili hiki hiki. Waraka ulikuwa na adabu zake. Hufunguliwa kwa sifa za anayepelekewa, mara nyingi kwa Kiarabu: mpendwa, mheshimiwa, Mungu amweke. Huulizwa hali na kutolewa hali. Kisha huja "ama baada", na hapo ndipo jambo lenyewe huanza, bila kupoteza neno. Mwisho salamu za jamaa, mmoja mmoja kwa jina, na tarehe ya Kiislamu. Ukiziita hizo karatasi za biashara tu umezidhulumu. Mtu anayejua kuweka madai ya deni kati ya salamu mbili, asimvunjie heshima mdaiwa wala asilegeze dai, ana sanaa mkononi.

Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliyeufanya mji wa Kasongo makao yake, aliondoka kwenda Unguja na hakurudi tena. Mwanawe Sefu akabaki huku. Kati ya baba na mwana hapakuwa na kitu ila karatasi, iliyobebwa na tarishi kwa miezi. Baadaye mzee aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa khati za Kiarabu, na zikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ukizisoma utasikia mtu aliyezoea nyaraka: nani alisema, nani alijibu, pembe ngapi, twende.

Vita vilikata njia. Majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipigana na wafanyabiashara hao, yakateka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Daktari Hinde, aliyekuwa na majeshi hayo, alistaajabia mishumaa, sukari na viberiti alivyovikuta majumbani. Mishumaa ile, naamini mimi, haikuwashwa kwa kulia chakula peke yake. Sefu alikufa Oktoba, na Januari 1894 Kabambare nayo ikatekwa.

Nyaraka nyingi za miaka ile ziko Ubelgiji, katika hifadhi za kumbukumbu. Profesa Xavier Luffin amezikusanya zile za Kiarabu na Kiswahili za 1880 hadi 1899, na mwaka 2020 akazichapisha kwa tafsiri ya Kifaransa. Ni kazi kubwa, namshukuru kwa dhati. Lakini mwanafunzi wangu, ambaye Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwao, anampata babu yake kwa Kifaransa.

Babu yangu wa Kabambare alikuwa mwalimu wa madrasa, na watu wenye ndugu Ujiji walimjia awaandikie. Alisikiliza mpaka mwisho kwanza, ndipo akashika kalamu. Alituambia barua ni nusu ya kuonana, kwa hiyo nusu hiyo isiandikwe ovyo. Sisi wajukuu tulipelekwa shule za herufi za Kizungu, na khati ile ikabaki kwa wasoma Kurani.

Kwa hiyo ninataka mambo mawili. Nakala za nyaraka hizo zije Kasongo, zikae mahali ambapo mwanafunzi anaweza kufika kwa miguu. Na vijana wa madrasa, ambao herufi hizo wanazijua tayari, wakae dawati moja na wanafunzi wangu wanaojua sarufi, wazisome pamoja kwa sauti.