Kanzu ya Kasongo mbele ya mita ya mwanga

Historia ya upigaji picha husimuliwa kama ngazi: zamani mpiga picha alikisia mwanga kwa jicho, kisha mita ikaja, na kukisia kukaisha. Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo, inapinga masimulizi hayo. Mji wa Kasongo ulikuwa ngome ya mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu hadi jeshi la Dola Huru ya Kongo, chini ya Dhanis, lilipouteka mwaka 1893. Kabambare ikafuata mwaka 1894. Utawala wa Wangwana, Waislamu wa Kiswahili wenye asili ya pwani, ulianguka, lakini Uislamu ulibaki, na kanzu nyeupe pamoja nao. Uso mweusi juu ya kitambaa cheupe, chini ya jua la utosini, ni mtihani ambao mita haikuuweza peke yake.

Sababu imo katika utendaji wa mita yenyewe. Contax III ya mwaka 1936 ilibeba seli ya seleni juu ya kamera. Leica M3 ya mwaka 1954 haikuwa na mita ndani, ikapachikwa mita ya nje, Leicameter, iliyoungana na gurudumu la kasi. Mwanga ukiipiga seleni huzaa umeme mdogo unaosogeza sindano, bila betri. Lakini seli haijui inatazama nini. Hupokea mwanga unaorudishwa na mandhari nzima, kisha huuhesabu kana kwamba umetoka kwenye kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18. Kanzu safi hurudisha kama mara nne ya hapo, tofauti ya hatua mbili za tundu la lenzi. Ikitawala mandhari, sindano huagiza mwanga upunguzwe: kanzu hutoka ya kijivu, uso ukazama gizani. Mtu huyohuyo akisimama mbele ya msitu mzito, kosa hugeuka, na kanzu huungua.

Wapo watakaosema filamu ya negativu husamehe. Husamehe zaidi mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Uso ambao haukuandikwa kwenye filamu hakuna dawa ya chumba cha giza itakayouleta. Wengine watataja Leica M5 ya mwaka 1971, iliyopima kupitia lenzi. Hiyo ilipunguza eneo linalopimwa, ila dhana ya kijivu haikuigusa. Wala kanuni ya kufungua lenzi f/16 juani haitoshi: Kasongo iko kama nyuzi 4 na nusu kusini ya ikweta, na mchana wa mapema Machi na mapema Oktoba jua husimama wima, likaangaza paji na kuacha macho kivulini.

Kwa hiyo mita haikuondoa ujuzi. Ilihamisha mahali pa kuutumia. Mpiga picha alipaswa kuusogelea uso, kuupima peke yake, kisha kupunguza hatua moja hivi ili ngozi ibaki na weusi wake. Anayefungua albamu ya zamani ya Kasongo au Kabambare na kukuta nyuso zimefifia asilaumu ngozi wala filamu. Aulize kwanza mita ilielekezwa wapi.