Namba Haijui Kusoma

Juzi usiku nilikosa usingizi nikaingia Google Scholar kutafuta jina la lekchara aliyenifunza kabla niache chuo. Ndiye mwalimu pekee aliyewahi kunirudishia insha ikiwa imejaa wino mwekundu kila mstari, maana yake aliisoma yote. Nikapata kazi zake zimenukuliwa mara 41. Maisha yake yote! Na mimi video yangu ya kuchoma chapati iko na watazamaji elfu tisini.

Kwa namba, mimi ndio msomi. Si hiyo ni kichekesho? Nikaanza kuchimba: nani alituambia tupimane hivi?

Story inaanza na mawakili. Mwaka wa 1873 huko Marekani, Frank Shepard alianza kuuza orodha za kesi: hii kesi ya zamani, ni kesi gani za baadaye ziliitaja, na je, uamuzi wake bado unasimama? Wakili alihitaji hiyo, juu ukisimamia kesi iliyopinduliwa, umeisha.

Miaka mingi baadaye, Eugene Garfield akaona wanasayansi pia wanahitaji kitu kama hicho. Akaandika wazo lake kwenye jarida la Science mwaka wa 1955, na 1964 kampuni yake ya Philadelphia ikatoa Science Citation Index. Ukishika makala moja ya utafiti, unaona nani aliitaja baadaye, unafuata uzi mpaka ufike kazi mpya. Ilikuwa ramani. Hakuna mtu hutumia ramani kuamua kijiji gani kina watu wa maana.

Lakini kitu ikihesabika, kuna bosi mahali ataihesabu. Kutoka kwa hiyo orodha kukaja kipimo cha majarida, kikisaidia maktaba kujua ni yapi ya kununua. Halafu kamati za vyuo zikaanza kutumia kipimo hicho hicho kupima watu: nani aajiriwe, nani apandishwe cheo. Garfield mwenyewe alionya kuhusu matumizi hayo. Mwaka wa 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta fahirisi ya h: ukiwa na makala 10, kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Maisha ya mtafiti, tarakimu moja.

Na usidhani hii ni shida ya maprofesa peke yao. Mwaka wa 1998, Larry Page na Sergey Brin walichukua wazo la kunukuu wakaliweka kwenye intaneti: ukurasa ukielekeza watu kwa mwingine, hiyo ni kama nukuu, na nukuu ya mkubwa ina uzito zaidi. Ndio Google hiyo. (Nao waliacha PhD zao, lakini mamangu amekataa huo mfano.)

Sasa cheki venye namba inaweza kukudanganya. Katalin Karikó, mama kutoka Hungaria, alikuwa akifanya utafiti wa mRNA katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, jiji hilo hilo la Philadelphia, chuo ambacho Garfield alipata PhD yake. Mwaka wa 1995 walimshusha cheo, juu hakuwa akipata pesa za utafiti. Mwaka wa 2005, yeye na Drew Weissman wakachapisha makala kuhusu jinsi ya kubadilisha mRNA ili mwili usiishambulie. Dunia ikanyamaza. Halafu korona ikaja, chanjo za mRNA zikajengwa juu ya kazi hiyo, na 2023 wakapewa Nobel. Makala ni ile ile, hakuna neno lililoongezwa. Ni sisi tulichelewa kuisoma.

Upande mwingine kuna Andrew Wakefield. Makala yake ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka wa 2010. Lakini imenukuliwa maelfu ya mara, wengi wakiitaja ili kuipinga. Kwa hesabu, tusi na sifa zote ni moja. Unaijua hiyo: video ikitrendi kwa aibu, kaunta inapanda tu.

Najua utaniuliza: bila namba, si tutarudi kwa kujuana? Ni kweli. Kwa mtoto wa mtu asiyejulikana, namba inaweza kuwa ngao. Kamati ikisema hufai, angalau uko na kitu cha kuonyesha. Sitaki tuzitupe. Hata watafiti waliotoa azimio la San Francisco mwaka wa 2013 hawakusema watu waache kuhesabu. Walisema usipime mtu kwa jina la jarida alilochapisha, angalia kazi yenyewe.

Hapo ndipo nilishikwa. Mimi huchagua mtu wa kufanya naye kolabo kwa kuangalia wafuasi. Mwezi huu dada mmoja alinitumia video zake za historia ya mtaa wetu. Nikaona wafuasi 212, nikafunga bila kuskiza hata moja.

Usiku ule nilirudi nikaziskiza zote. Ziko juu kuniliko, na nimemwambia hivyo. Lekchara wangu pia nimemwandikia. Bado hajajibu, na akijibu najua atanirekebisha Kiswahili.