Boriti na Nyumba za Wazee Wetu

Ndugu msomaji, limeenea katika zama zetu neno ambalo vijana huambiwa wanapotaka kujenga: kwamba nyumba ya miti ni nyumba ya fukara, na kwamba mtu aliyestaarabika hujenga kwa saruji na chuma tangu msingi mpaka paa. Neno hili halina asili katika dini yetu wala katika taarikhi ya pwani yetu. Na madhali limekwisha kuwafanya wengi wavunje dari nzuri za babu zao na kumimina zege mahali pake, na wengine waingie katika madeni yasiyo na mwisho, imepasa tulitazame kwa urefu.

Tuanze pale panapostahiki kuanzwa. Maquraishi walipoijenga upya Al-Kaaba, miaka mitano kabla ya Mtume wetu (S.A.W.) kupewa utume, hawakuwa na mbao za kuiezekea. Ikatokea merikebu ya mfanyabiashara wa Kirumi imetupwa na bahari pwani ya Jidda na kuvunjika. Wakaenda, wakazitwaa mbao zake, na kwa mbao hizo wakaiezeka Nyumba tukufu. Mbao za chombo kilichovunjika! Kisha Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, msikiti wake ulijengwa kwa matofali ya udongo, nguzo zake vigogo vya mitende na paa lake makuti ya mtende. Mvua iliponyesha lilivuja, akasujudu katika maji na tope, na Masahaba nyuma yake. Mimbari yake ya daraja tatu ilikuwa ya mti uitwao athl, uliokatwa katika mwitu wa Ghaba karibu na Madina. Na kila aliyesoma chuoni aijua habari ya kigogo cha mtende alichokuwa akisimama penye nacho kuhutubu, kilivyolia mbele ya watu alipokiacha akapanda mimbari.

Sayyidna Umar (R.A.) aliupanua msikiti ule kwa vitu vile vile. Ni Sayyidna Uthman (R.A.), katika mwaka wa 29 wa Hijra, aliyeleta mawe ya kuchongwa na chokaa, walakini paa aliliweka la msaji, mti wa Bara Hindi. Na neno letu "msaji" lenyewe limetoka katika Kiarabu, "saj". Angalia basi: hata mawe yalipoingia, mti haukutoka. Mawe yalisimama kwa pande, na mti ukabeba juu.

Ndivyo ilivyokuja kuwa kwetu pia. Katika kisiwa cha Pate liko gofu la mji wa Shanga. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipochimba pale katika miaka ya 1980, chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe walikuta alama za misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine. Ile ya chini kabisa, ya karne ya nane ya miladi, haikuwa ya mawe. Ilikuwa ya miti na udongo, nao waliijua kwa mashimo ya nguzo yaliyobaki ardhini. Kwa hiyo Waislamu wa mwanzo wa pwani hii, ambao majina yao hatukuyarithi, walimsujudia Mola wao chini ya miti ya kwao, na vizazi kadhaa vikapita kabla ya watoto wao kuanza kukata matumbawe.

Msafiri Ibn Battuta alipofika huku mwaka 1331 alilala Mombasa usiku mmoja, akaandika kwamba misikiti yake ni ya miti na imejengwa barabara. Akaendelea mpaka Kilwa, akausifu mji huo kuwa katika miji mizuri iliyojengwa vyema, na akataja kuwa majengo yake ni ya miti. Sultani wa Kilwa wakati huo alikuwa Al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Jee, huyo naye tumwite fukara? Ni kweli kwamba Kilwa kulikuwa pia na majengo ya mawe, na magofu yake tunayaona mpaka leo. Lakini mgeni aliyezunguka dunia hakuona haya ya kuusifu mji kwa miti yake.

Sasa tuingie ndani ya nyumba ya mawe yenyewe, ile ya Lamu au ya Mji Mkongwe Unguja. Simama katikati ya chumba utazame juu. Utaona boriti zimepangwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake yamelazwa mawe mapana, na juu ya mawe kifusi na chokaa, vikapigiliwa kwa siku nyingi mpaka vikashikana vikawa kitu kimoja. Dari hiyo ni nzito sana. Mkoko waweza kuwa mrefu, lakini kwa unene wake hauwezi kubeba uzito ule penye upana mkubwa. Basi chumba cha kale aghlabu hakizidi upana wa dhiraa sita hivi, yaani karibu mita 3. Urefu wa chumba ni hiari ya mwenye nyumba. Upana ni amri ya mti. Wageni huandika kwamba vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu ya desturi za sitara, na sitara ina nafasi yake katika mpango wa nyumba, lakini aliyepima chumba alikuwa mkoko.

Miti hii ya mikandaani si ya namna moja, na wazee waliijua kwa majina na kazi zake. Mkoko na muia ndiyo hasa itoayo boriti. Mkandaa hutoa miti myembamba, na ganda lake hutiwa rangi nyekundu. Mlilana hufaa kwa mataruma ya vyombo, na mkomafi kwa samani. Wakataji nao walikuwa na hesabu yao: fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo, kila mti ukiitwa kwa unene wake. Boriti ni ile ya sentimita 11 hadi 13 hivi, na nguzo ni ya juu ya hapo. Huuzwa kwa korija, na korija ni miti 20. Mti wa mkoko una ukakasi katika ganda na maji yake, ndio maana mchwa hawaupendi. Boriti haiuliwi na umri. Huuliwa na maji. Sakafu ya juu ikipasuka na mwenye nyumba asizibe, mvua hupenya mpaka pale kichwa cha boriti kilipoingia ukutani, huoza kwa siri, na siku moja dari hushuka. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimekufa hivyo, na watu wakasema mti umechoka.

Neema hii haikuwa yetu peke yetu. Bara Arabu na pwani ya Uajemi ni nchi kame, na tangu zamani walijengea miti ya huku. Mwanajiografia Al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya kumi, ataja bandari ya Siraf katika Uajemi kwamba majumba yake ya ghorofa yalikuwa ya msaji na miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Nchi ya Zanj ni pwani yetu. Biashara hiyo ikaendelea miaka elfu. Vyombo vilikuja na kaskazi vimebeba tende na samaki wa chumvi, vikarudi na kusi vimesheheni boriti, ambazo huko Ghuba waliziita chandal. Mpaka leo ukiingia nyumba ya kale Kuwait, Bahrain au Oman utauona upana ule ule wa chumba. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika chombo cha Kikuwaiti cha nahodha Ali bin Nasir An-Najdi mpaka delta ya Rufiji, akaeleza katika kitabu chake taabu ya mabaharia katika tope na mbu wakipakia miti hiyo. Haikupita miaka mingi tangu hapo, mafuta yakatajirisha Ghuba, saruji ikaingia, na soko likaanza kupungua.

Hapa, ndugu msomaji, tuseme kweli. Mti si adui wa mwitu, illa mkono wa mwanadamu ukikosa kipimo. Mkoko una maumbile ya ajabu aliyoupa Mwenyezi Mungu: mbegu yake huota ingali juu ya mama yake, ikawa mche mrefu kama mkuki mdogo, kisha hudondoka na kujichomeka topeni. Lakini mkoko ukiukata shina hauchipui tena kama ule mchu. Ukikatwa, umekwisha, na kinachobaki ni watoto wake tu. Kwa hiyo mwenye kukata na kuacha mikoko mama hapungukiwi. Mwenye kufyeka eneo lote haachi kitu ila tope. Na kuna ubaya mwingine usioonekana upesi: wanunuzi hutaka mti ulionyooka, basi ulionyooka hukatwa kila mwaka na uliopinda huachwa, mpaka mwitu ukabaki wa miti iliyopinda, nao ndio uzaao.

Tusimtwike mvunja boriti peke yake lawama. Chokaa ya nyumba zetu za mawe ilichomwa kwa rundo kubwa la kuni, kwa hivyo nyumba ya mawe ilikula mti mara mbili, mara juu ya dari na mara katika tanuu. Na huko Gazi, kusini ya Mombasa, katika miaka ya 1970 mikoko ilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwanda. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje. Lamu, ambayo ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, iliumia, kwani watu wengi walikula kwa shoka. Uchungu wao ulikuwa wa haki. Walakini mwitu nao ulikuwa na haki yake, na baina ya haki mbili ndipo fakihi hupata kazi.

Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haramu, akakataza miti yake isikatwe baina ya pande zake mbili za mawe meusi, na huku mimbari yake ni ya mti wa mwitu. Mambo mawili haya hayapingani. Pana mahali pa kukata na mahali pa kuacha, na atakaye kutumia ndiye wa kwanza wa kulinda. Tena ametufundisha kwamba apandaye mche, akala kwao ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Katika mikoko wanaokula ni wengi: kamba, kaa na samaki wadogo hukulia katika mizizi yake, na mvuvi wa Vanga au wa Kilwa hula riziki iliyolelewa humo. Wataalamu wamepima pia kwamba tope la mikoko hufukia hewa ukaa kuliko misitu mingi ya nchi kavu kwa eneo lile lile.

Na saruji? Sisemi ni haramu kujengea, nami nimesalia katika misikiti mingi ya zege. Lakini ijulikane kwamba kutengeneza saruji kwatoa kiasi cha sehemu 8 katika kila 100 za hewa ukaa itokayo katika kazi za wanadamu. Na ijulikane kwa mwenye nyumba ya pwani khasa: zege iliyochanganywa kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa ina chumvi, chumvi hula chuma kilicho ndani, chuma kikishika kutu huvimba na kuipasua zege. Utaziona nyumba ambazo hazijafika umri wa kijana zikidondosha vipande vya dari. Na ukipaka saruji juu ya ukuta wa kale wa matumbawe na chokaa, unyevu hukosa njia ya kutoka, ukarudi ndani, ukafika katika vichwa vya boriti. Atakaye kutengeneza nyumba ya babu yake na atafute fundi wa chokaa kabla hajatafuta mfuko wa saruji.

Gazi iliyofyekwa imepandwa tena tangu miaka ya 1990. Mwaka 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja, wakatunza hektari 117, na kwa kuwa mikoko yao hufukia hewa ukaa, walio ng'ambo huwalipa fedha, nazo wamezitia katika maji ya kunywa na madrasa za serikali, yaani skuli. Hukumu ya kifiqhi ya biashara hiyo yataka makala yake. Mimi lililonivutia ni kipimo. Mikoko iliyopandwa pale ilipotimia miaka 12 ilipimwa, ikawa na urefu wa mita 8 na zaidi kidogo, na unene wa sentimita 6. Katika hesabu ya wakataji wa Lamu unene huo ni pau. Haujafika hata mazio. Mtoto aliyeanza alifu siku mche ule ulipochomekwa topeni, amekwisha khitimu, amebaleghe, anafikiri kuoa, na boriti ya kuezekea chumba chake ingali inakua.