Umiliki wa Maliasili na Mgawanyo wa Mapato katika Mikataba ya Amani: Funzo la Sudan

Tarehe 7 Januari 2004, mjini Naivasha nchini Kenya, Serikali ya Sudan na Chama na Jeshi la Ukombozi wa Watu wa Sudan (SPLM/A) zilitia saini Itifaki ya Mgawanyo wa Mali. Itifaki hiyo ikawa sehemu ya Mkataba Mkuu wa Amani uliosainiwa jijini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na kuhitimisha vita vya zaidi ya miaka 20. Usuluhishi uliendeshwa chini ya IGAD, ukiongozwa na Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya.

Makala haya yanaeleza namna pande zilizopigana kwa miaka mingi zilivyokubaliana kuhusu mafuta, yale ambayo makubaliano hayo yaliyaacha bila majibu, na gharama iliyofuata.

Chimbuko la mgogoro

Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 uliipa Sudan ya Kusini mamlaka ya ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Chevron iligundua mafuta karibu na Bentiu, upande wa Kusini. Serikali ya Rais Jaafar Nimeiri ikajaribu kubadili mipaka ili eneo hilo liwe nje ya mamlaka ya Kusini, na mpango wa kiwanda cha kusafishia mafuta ukaelekezwa Kosti, upande wa Kaskazini. Watu wa Kusini walitafsiri hatua hizo kuwa ni kunyang'anywa mali yao. Mafuta hayakuwa sababu pekee ya vita vilivyoanza mwaka 1983, lakini yalikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Bomba la kusafirisha mafuta hadi Port Sudan lilipoanza kazi mwaka 1999, kila upande ulijua ni nini hasa kinachopiganiwa.

Maswali matatu mezani

Mazungumzo ya aina hii hukabili maswali matatu: nani mmiliki wa rasilimali, nani anazisimamia, na nani anapata mapato. Katika swali la kwanza, Khartoum na SPLM/A zilikuwa na misimamo isiyopatanika. Wajumbe wa Naivasha waliamua kuliweka kando. Itifaki ilitamka wazi kwamba haikusudii kuamua umiliki wa ardhi na rasilimali zilizo chini yake, na kwamba utaandaliwa utaratibu wa kulishughulikia suala hilo baadaye. Uamuzi huo ndio uliofungua njia ya kujadili usimamizi na mapato.

Kwa upande wa usimamizi, iliundwa Tume ya Taifa ya Petroli chini ya uenyekiti wa pamoja wa Rais wa Sudan na Rais wa Serikali ya Sudan ya Kusini, ikiwa na wajumbe wanne wa kudumu kutoka kila upande. Mikataba ya mafuta iliyokuwa imekwisha kusainiwa haikufunguliwa upya, ila watu ambao haki zao zilivunjwa kutokana na mikataba hiyo walitambuliwa kuwa wanastahili fidia.

Kwa upande wa mapato, utaratibu ulipangwa kwa hatua. Kwanza, fedha zilizopatikana juu ya bei ya kigezo ziliwekwa katika akaunti maalumu ya kukabili kuyumba kwa bei. Pili, majimbo yanayozalisha mafuta yalipewa angalau asilimia 2 kulingana na uzalishaji wa kila jimbo. Tatu, kiasi kilichobaki kutokana na visima vya Kusini kiligawanywa nusu kwa nusu. Hivyo, baada ya kutengwa fedha za akaunti hiyo, katika kila dola 100 jimbo husika lilipata 2, Serikali ya Kusini 49, na Serikali ya Taifa pamoja na majimbo ya Kaskazini 49.

Eneo la Abyei, linalodaiwa na pande zote mbili, lilipangiwa mgao wake: Serikali ya Taifa asilimia 50, Serikali ya Kusini asilimia 42, na asilimia 2 kwa kila mmoja wa wadau wanne, yaani eneo la Bahr el Ghazal, Kordofan Magharibi, Wadinka wa Ngok na Wamisseriya.

Kilichokosekana

Kasoro ya kwanza ilikuwa uhakiki. Fedha ziligawanywa kwa kufuata takwimu ambazo Kusini ilishindwa kuzithibitisha yenyewe. Mwaka 2009, taasisi ya Global Witness ilionesha tofauti kati ya takwimu za uzalishaji za Serikali na zile za kampuni iliyokuwa ikiendesha visima. Asilimia 50 ya kiasi kisichojulikana haiwezi kujenga imani.

Kasoro ya pili ilikuwa mpaka. Kwa kuwa mgao ulitegemea kisima kiko upande gani, kila kilomita ya mpaka ilikuwa na thamani ya fedha, na mpaka haukukamilika kuchorwa.

Kasoro ya tatu ilijitokeza Sudan Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Taifa jipya lilichukua takriban robo tatu ya uzalishaji wa mafuta, lakini bomba la takriban kilomita 1,600 na bandari vilibaki Sudan. Mgao wa mkataba ulikoma bila kuwepo makubaliano ya ada ya kupitisha mafuta. Januari 2012, Juba ilisimamisha uzalishaji, ingawa mafuta yalikuwa chanzo cha karibu mapato yake yote. Aprili mwaka huo, majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana Heglig. Suluhu ilipatikana Addis Ababa tarehe 27 Septemba 2012, ambapo pamoja na ada za usafirishaji, Sudan Kusini ilikubali kuilipa Sudan dola bilioni 3.028 kwa kiwango cha dola 15 kwa kila pipa.

Mifano mingine

Makubaliano ya Helsinki ya tarehe 15 Agosti 2005 yaliipa Aceh, nchini Indonesia, haki ya kubaki na asilimia 70 ya mapato ya mafuta, gesi na maliasili nyingine za eneo hilo. Nchini Ufilipino, nyongeza ya makubaliano ya Bangsamoro ya mwaka 2013 ilitofautisha aina za rasilimali: asilimia 75 ya mapato ya Serikali kutokana na madini ya metali ilikwenda kwa Bangsamoro, na ya mafuta na gesi ikagawanywa nusu kwa nusu.

Umuhimu kwa kanda yetu

Sudan Kusini ilisaini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki jijini Dar es Salaam tarehe 15 Aprili 2016. Mkataba wake wa amani wa Septemba 2018 unaelekeza asilimia 2 ya mapato halisi ya mafuta kwa majimbo yanayozalisha na asilimia 3 kwa jamii za maeneo hayo.

Uzoefu wa Naivasha unaonesha kwamba suala la umiliki linaweza kuahirishwa ili bunduki zinyamaze. Hata hivyo, asilimia zilizoandikwa huwa na maana pale tu kila upande unapoweza kuhesabu mapipa, kujua mpaka ulipo, na kuona fedha zikifika kwa wananchi wanaoishi kando ya visima.