Piramidi Inayosimama kwa Ncha

Kuanzia Septemba 1992, stesheni ya reli ya Likasi, kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, ilijaa watu waliokuwa wakingoja treni ya Kasai, asili ya wazee wao. Wengi wao Kasai walikuwa wakiisikia tu. Babu zao waliletwa na kampuni ya Union Minière kuchimba shaba tangu enzi za Wabelgiji, na wao wenyewe walizaliwa Katanga, wakasoma Katanga, wakagombana na kupatana kwa Kiswahili cha Katanga. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza alikuwa akipanda jukwaani kuwaita bilulu, yaani wadudu, na vijana wa chama cha UFERI, wale JUFERI, wakipita nyumba hadi nyumba kuwafukuza. Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Waliofukuzwa walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na si wote waliofika walikokuwa wakienda.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mazito kuliko jukwaani. Miji ya migodi ilikuwa imeoana kwa vizazi viwili vitatu. Kwa Waluba wa Kasai mtoto ni wa baba. Kwa Wabemba wa Katanga ni wa ukoo wa mama. Basi Mbemba aliyeolewa na Mkasai aliulizwa na pande zote mbili: unapanda treni au unabaki kwenu? Na watoto ni wa nani? Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ametumia miaka mingi kukusanya kumbukumbu za wakazi wa Lubumbashi, na ukizisoma kumbukumbu za namna hiyo unaona vita vya siasa vilivyopiganwa jikoni.

La ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1992 ndio mwaka ambao Zaire, Kongo ya leo, ilishuhudia nguvu ya kutotumia nguvu. Tarehe 16 Februari, Wakristo wa Kinshasa waliandamana mikono mitupu, wakiimba na kushika misalaba, wakidai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Askari wakawafyatulia risasi na watu wengi wakafa. Nyuma ya maandamano yale kulikuwa na vikundi kama Groupe Amos cha Padri José Mpundu, vilivyokuwa vimewafunza watu namna ya kusimama mbele ya bunduki bila kurusha jiwe. Aprili mkutano ukafunguliwa, na Agosti ukamchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Tshisekedi alikuwa Mkasai. Aliyeondolewa, Nguz Karl-i-Bond, ndiye aliyekuwa ameufunga mkutano, naye alikuwa mtoto wa Katanga na kiongozi wa UFERI. Ushindi wa Kinshasa ukageuzwa kuwa kisingizio Likasi.

Mbinu zenyewe za kutotumia nguvu zilitoka mbali. Jumuiya ya kimataifa ya upatanisho, IFOR, iliundwa Uholanzi mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wajumbe wake waliojulikana zaidi, Jean Goss na mkewe Hildegard Goss-Mayr, walizunguka dunia wakiendesha semina, na kazi yao Ufilipino inatajwa kila yanapozungumzwa mapinduzi ya amani ya 1986. Somo lao moja ni rahisi kulieleza. Mwalimu anachora piramidi iliyopinduliwa, inayosimama kwa ncha. Hiyo ni dhuluma. Haiwezi kusimama peke yake, kwa hiyo anachora nguzo zinazoiegemeza pande zote, kisha anauliza darasa: nguzo hizi ni nani?

Jaribu kuichora kwa Likasi ya 1992. Gavana ni nguzo, hilo halina ubishi. Chama na vijana wake pia. Rais Mobutu naye, aliyetazama pembeni kwa sababu fujo ilimfaa. Halafu inakuja ile sehemu inayowanyamazisha washiriki: aliyenunua nyumba ya jirani yake kwa bei ya kutupa, aliyeshika kazi yake kwenye kampuni ya migodi ya Gécamines, aliyekwenda kushangilia hotuba. Baadhi yao walikuwa wanawake.

Lubumbashi yenyewe ilipata kikundi chake, GANVE, cha kutotumia nguvu kwa msingi wa Injili. Lakini kwa muda mrefu harakati hizi nchini zilisemewa na mapadri, wachungaji na wanasheria. Kina mama walijaza maandamano, wakapika, wakahudumia majeruhi. Kwenye kiti cha mkufunzi hawakuonekana sana. Kasoro hiyo haikuwa ya Kongo peke yake, na mwaka 1997 IFOR ikaanzisha programu ya wanawake wajenzi wa amani, kazi yake kuwafundisha wanawake wawe wakufunzi na kuwakutanisha kikanda, walio pande tofauti za vita wakae chumba kimoja. Oktoba 2000 Umoja wa Mataifa ukapitisha Azimio 1325 kuhusu wanawake, amani na usalama, na wafadhili wakapata namba ya kuandika kwenye barua zao.

Kwa Wakongo, faida ya kukutana kikanda ilionekana 2002. Februari, wanawake wa serikali, wa upinzani, wa makundi ya waasi na wa asasi za kiraia walikutana Nairobi kupanga sauti moja kabla ya mazungumzo ya amani ya Sun City, Afrika Kusini. Huko, inasimuliwa, wapatao 40 walishikana mikono wakaziba milango ya ukumbi wa kamati: mwanaume hatoki mpaka atie sahihi makubaliano. Katiba ya 2006 nayo ikabeba, katika kifungu cha 14, usawa wa wanawake na wanaume kwenye vyombo vya uongozi. Kwenye karatasi tu, lakini imo.

Julai 2013 kina mama wa Maziwa Makuu walikutana tena, Bujumbura, kwa wito wa Mary Robinson, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mpango wa kusaidia vikundi vyao kwa ruzuku. Macho yalikuwa Kivu, kwenye vita vya mashariki, na ilistahili. Ila karibu miezi minne kabla ya Bujumbura, tarehe 23 Machi, wapiganaji wa Kata Katanga, waliotaka Katanga ijitenge, walikuwa wameingia Lubumbashi kwa miguu, na siku haikuisha bila maiti barabarani. Katanga huhesabiwa kuwa mgodi, si uwanja wa vita, na fedha za amani huipita njiani.

Mei 2022 Askofu Mkuu Fulgence Muteba aliitisha mjini Lubumbashi jukwaa la umoja na upatanisho wa Wakatanga. Habari iliyosambaa ni ya wanaume wawili, rais wa zamani Joseph Kabila na gavana wa zamani wa Katanga Moïse Katumbi, waliopatana mbele yake. Ni jambo kubwa, sitalidharau. Lakini wakati uleule, katika vitongoji, maneno ya zamani kuhusu wanaoshuka treni kutoka Kasai yalikuwa yamerudi, na maneno hayo hayazimwi kwa picha ya wakubwa. Kinachohitajika ni cha bei nafuu: semina kwa Kiswahili badala ya Kifaransa cha hotelini, katika vitongoji vya Lubumbashi kama Katuba na Kenya, saa ambazo soko limefungwa, kwa sababu mama muuza unga hawezi kuacha meza yake siku tano. Na wakialikwa waliofukuzwa, waalikwe pia waliokuwa wakishangilia mikutano ya 1992. Huenda baadhi yao leo ni bibi wenye wajukuu wa Kikasai.